Gare Yetu

Rumonge haikuwahi kuwa na reli, lakini ilikuwa na gare.

Lilikuwa banda la mabati kando ya soko, mahali malori ya mawese yaliposimama kupakia mapipa kabla ya kushika njia ya Bujumbura. Mwaka wa uhuru alipita mtu mmoja mwenye kipaza sauti, akapanda juu ya pipa, akasema kwamba nchi ikishapata bendera yake itapata na reli yake. Treni itafuata ziwa kutoka Bujumbura mpaka Nyanza-Lac, na hapo waliposimama patajengwa gare, kituo cha treni, kama zile za ng'ambo. Watu walimpigia makofi. Akashuka, suruali yake ikiwa na duara la mafuta nyuma, akaenda zake. Hakuna aliyemwona tena.

Siku yenyewe ya uhuru, mji wote ukiwa umekwenda kuangalia ngoma, kijana mmoja wa mtaa wa Waswahili, jina lake Asmani, alichukua rangi nyeupe iliyobaki dukani kwa baba yake, akaandika GARE kwenye ubao, akaupigilia juu ya banda. Kisha akavaa koti la kuazima, akaweka sanduku tupu miguuni, akakaa kwenye benchi kama msafiri. Kila aliyepita akitoka ngomani alicheka.

Esha hakucheka. Alikuwa mgeni mjini, amekuja kwa shangazi yake, na alikuwa amebeba beseni la dagaa kichwani. Alisimama mbele ya yule kijana.

"Unangoja nini?"

"Treni."

"Itakuja?"

Asmani akamtazama kwa mshangao, kana kwamba ndiye aliyeulizwa jambo la ajabu. "Treni gani?"

Hapo Esha akacheka mpaka dagaa wakamwagika, na walipomaliza kuwaokota wote wawili walikuwa wamechafuka magoti na wanajuana majina. Walipooana hawakulisahau banda lile. Watu wengine waliliita gare, kwa mzaha mwanzoni, kisha kwa mazoea. Wao wawili waliliita gare yetu.

Ile "gani" nayo haikumtoka Asmani. Ukimwambia chakula kiko tayari, atauliza chakula gani. Ukimwambia mvua inakuja, mvua gani. Esha aliizoea kama mtu anavyouzoea mlango wa nyumba yake unaolia. Yeye mwenyewe alikuwa na kilema chake: hakujua kukaa. Alikula amesimama, alishona amesimama, na akipumzika alipumzika akitembea. Mama Mwanahamisi, mama yake Asmani, ambaye aliishi nao na ambaye akikaa alikaa kweli, alikuwa akiwaambia majirani kwamba Mungu alipomaliza kumwumba mkwe wake alisahau kumwekea makalio.

*

Mwishoni mwa Aprili, mwaka wa sabini na mbili, Asmani alikuwa Bujumbura na shehena ya mawese. Watu wenye mapanga waliingia Rumonge, na baada yao wakaja askari na malori. Waliokufa kwanza walizikwa na watu ambao siku chache baadaye hawakupata wa kuwazika. Barabara ilifungwa. Mtaani kila mtu alizungumza kwa sauti ya chini, na kila siku nyumba nyingine ilikutwa wazi, sufuria bado ziko jikoni, wenyewe wamekwenda ziwani.

Esha hakuondoka. Alizunguka ua, akaenda mlangoni, akarudi. Hakuweza kwenda mahali asipojua kama Asmani atapajua.

Ndipo akaja Roger. Alikuwa shofere wa lori lililobeba mawese ya Asmani, Mrundi wa Kabezi, karibu na Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha barabarani, kimeokotwa kituo kwa kituo. Alikuwa ametembea, akapanda mtumbwi, akatembea tena. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Amahoro, Mama. Asmani iko muzima. Amebaki Kabezi, anatafuta njia. Amesema mukutane gare."

"Gare?"

"Gare. Amesema haraka, pale nyumbani musikae."

Esha alimpa maji. Roger akanywa yote, akashukuru, murakoze, akaondoka mbio, kwa sababu naye alikuwa na watu wake wa kutafuta.

Mama Mwanahamisi alikuwa ameshaanza kufunga kitenge juu ya sufuria. "Basi twende. Gare iko moja tu. Iko Albertville."

"Mama, siku hizi ni Kalemie."

"Waite vile watapenda. Reli haikuhama."

Mama alizaliwa kule, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na marehemu mumewe alilisha makaa mashine za treni kabla ya kuhamia Rumonge na kufungua duka. Kwake yeye kulikuwa na gare ile ya Wabelgiji, na mengine yote duniani yalikuwa mabanda.

Esha alijifunika, akapita vichochoroni mpaka sokoni kuangalia kwa macho yake. Paa la banda lilikuwa limeanguka. Mapipa ya mawese yalikuwa bado yanaungua polepole, moshi mweusi, mzito, usiopanda juu. Ubao wenye herufi nyeupe ulikuwa chini, umekanyagwa. Hakuna mtu mwenye akili, aliwaza, anayeweza kumwita mke wake mahali hapa.

Alirudi akamshika Mama mkono. Ufukweni kulikuwa na mashua moja tu iliyokuwa bado inachukua watu, na ilikuwa inakwenda Kigoma. Kigoma kuna reli. Kwenye reli kuna gare. Basi Asmani amesema Kigoma. Ilikuwa hesabu ya mtu ambaye miguu yake imeshaingia majini, na Esha hakuipitia mara ya pili.

*

Stesheni ya Kigoma ilijengwa na Wajerumani: jengo jeupe lenye matao, limekaa mwisho wa reli kama mzee aliyekaa mwisho wa jamvi akiwatazama wote wanaokula. Wajerumani waliondoka, Waingereza wakaja wakaondoka, na jengo likabaki na kazi ile ile, ila kazi imezidi kukua. Treni ya Tabora na Dar es Salaam ilifika hapo na kugeuzia hapo. Magari ya Ujiji yalisubiri abiria mbele ya ngazi, malori ya Kasulu yalipakia ubavuni, na wapagazi wa chumvi ya Uvinza waliishusha kutoka kwenye mabehewa na kuiteremsha bandarini, ambako meli na mashua zilingoja. Mtu akitaka kwenda mahali popote katika mkoa ule, lazima kwanza apite chini ya matao yale. Na mwaka ule, kwenye sakafu ya stesheni, kati ya magunia na masanduku, walilala watu wa upande wa Burundi.

Mama Mwanahamisi alipata benchi siku ya kwanza na hakulitoa tena. Kila asubuhi alianza pale alipoishia jana.

"Hapa sipo."

"Sipo nini, Mama?"

"Hapa si gare. Gare iko Albertville. Mutoto wangu iko kule anatungoja, siye tuko hapa tunaangalia chumvi."

Mkagua tiketi, Bwana Kassimu, mtu wa Kigoma aliyevaa kofia ya kazi hata akienda kunawa, alikuwa akipita wakati huo. Alipenda Kiswahili kilichonyooka kama alivyopenda foleni iliyonyooka.

"Mama, hapa panaitwa stesheni," alisema kwa adabu. "Sisi hatusemi gare."

Mama akamgeukia Esha. "Unasikia? Hata mwenyewe anasema hapa si gare."

Esha alikuwa ameshaondoka. Alishuka mpaka bandarini kuangalia waliofika, akapanda kwenye malori ya Kasulu kuuliza waliotoka njia ya mpakani, akarudi jukwaani treni ilipoingia, ingawa alijua vizuri kwamba Asmani hangeweza kutokea upande wa Tabora. Treni ikiingia ilimpasa kuwa pale. Mashua ikiingia ilimpasa kuwa kule. Zikiingia pamoja alisimama katikati ya mteremko, akitazama huku na huku kama mtu aliyeitwa na sauti mbili.

"Dada Esha," Kassimu alimwambia siku moja, "ungekuwa treni ungeshafika Dar es Salaam."

"Ningekuwa treni ningejua naenda wapi."

Kassimu alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa. Alikuwa na jambo la kusema na hakulipenda. Serikali ilikuwa inawapeleka wakimbizi bara, upande wa Tabora, kwenye mashamba mapya mbali na mpaka. Treni za mwanzo zilikuwa zimeshakwenda. "Treni ya Jumamosi ni yenu," alisema. "Wote waliolala humu."

"Sisi tunamngoja mtu."

"Kila mtu humu anamngoja mtu, dada."

Ilikuwa kweli, na ukweli wake haukumsaidia Esha. Asmani akifika baada ya Jumamosi atakuta sakafu imefagiliwa. Atauliza, ataambiwa Tabora, na Tabora ataambiwa pori lingine, na mwisho atachoka. Kuanzia siku ile Esha hakulala vizuri, na hatua zake kati ya bandari na jukwaa zikawa za haraka zaidi, kana kwamba kwa kuharakisha yeye angewaharakisha wengine.

*

Roger alifika Jumatano, pamoja na watu waliokuwa wamejificha Kabonga, karibu na mpaka. Esha alimtambua kwa kutembea kwake, maana uso ulikuwa umebadilika. Alikuwa na kandambili mguu mmoja tu. Alimkimbilia akamshika mikono miwili.

"Yuko wapi?"

Roger akamtazama kama hakusikia vizuri. "Asmani? Mimi nilizania iko na weye."

"Uliniambia gare. Nimekuja gare. Ninangoja tangu siku ile."

"Hapa?" Roger akaangalia matao, reli, watu. "Lakini hapa ni mbali. Yeye alisema gare ya pale pale. Alisema, mwambie Esha tukutane gare yetu."

Esha alimwachia mikono.

"Sema tena."

"Mukutane gare yetu."

"Mimi uliniambia gare. Gare, basi."

"Gare, gare yetu, iko tofauti?" Roger alikuwa na uchovu wa mtu asiyeelewa kosa lake. "Siye mashofere mu kazi tunasema kamyo yetu, bosi yetu, nchi yetu. Nilizania ile 'yetu' ni heshima tu."

Neno lenyewe lilikuwa dogo. Roger alikuwa amelibeba kutoka Kabezi, kwa miguu na kwa mtumbwi, na mahali fulani njiani, akiwa na njaa na hofu, alilitua chini kama mtu anavyotua kitu asichojua kazi yake. Watu wawili tu duniani walisema gare yetu. Asmani hakuwa amesema Kigoma wala Kalemie. Alikuwa amesema banda, ubao, benchi. Alikuwa amekwenda kuwachukua.

"Alifika?" Esha aliuliza.

Roger hakutaka kusema, lakini hakujua kudanganya kwa Kiswahili. "Wavuvi wa Kabonga waliniambia. Walimuona mutu amekaa pale ku gare, kati ya zile pipa zilizoungua. Watu walimuambia kimbia, akasema anangoja muke wake. Kisha kamyo za askari zilikuja. Walipopita tena, pale hapakuwa na mutu."

"Walimchukua?"

"Walisema tu hapakuwa na mutu."

Esha, kwa kuwa ilikuwa lazima amwulize na yeye, akasema, "Na watu wako?"

"Modeste, mudogo wangu. Walimuchukua ku shule, na wengine wa darasa lake." Roger akaangalia mguu wake ule usio na kandambili. "Mama yangu hakutaka kutoka. Anasema Modeste akirudi atamukuta nani."

Esha alimkalisha Roger kwenye benchi, karibu na Mama, akamwekea sahani ya ugali waliyobakiza. Kisha akafunga kitenge chake kiunoni, akateremka bandarini.

Alikuwa ameshazungumza na wavuvi wawili, na wa tatu alikuwa anatikisa kichwa, aliposikia nyuma yake pumzi za mtu aliyekuwa anatembea haraka kuliko alivyozoea. Mama Mwanahamisi alikuwa ameacha benchi lake. Alisimama kati ya magunia ya chumvi, mkono kifuani.

"Unaenda wapi?"

"Gare yetu."

"Kule kuko mutu?"

"Sijui, Mama. Ndiyo maana ninakwenda."

"Unaenda kukalia majivu. Askari watakuona, watakuchukua, halafu miye nitabaki na nani? Na yule Roger?"

"Yeye alikaa akiningoja kati ya yale mapipa. Mimi nilikuwa hapa ninahesabu mabehewa."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akisimamia upakiaji wa chumvi aligeuka. Alikuwa mtu mzima, mnene wa mikono, kitambaa chekundu kichwani; mtu wa Kongo, na wapagazi walimwita Mama Cibalonza. Chumvi ile ilikuwa yake, ilikuwa inavuka kwenda Kalemie.

"Nyiye ni watu ya Rumonge?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi kule kwetu iko mwenzenu mumoja. Mwanaume. Anatuchokesha sana." Akampungia mpagazi aweke gunia vizuri, akaendelea. "Kila mashua ikifika, iko pale. Kila treni ikifika, iko pale ku gare. Anauliza kama tuliona muke na mama yake. Juzi nikamuambia, baba, sikuona muke wako. Unajua alinijibu nini?"

Esha alimsogelea.

"Akaniuliza, muke gani? Nikamuambia, ee baba, si weye njo ulianza?"

Esha akalia. Alilia akiwa amesimama, mikono imeanguka, bila kujifuta, na Mama Mwanahamisi akampiga piga mgongoni huku yeye mwenyewe akicheka kwa sauti ndogo ya ushindi.

"Nilisema," alisema Mama. "Nilisema Albertville. Mutoto wangu alikosa watu pale, akafikiri, mama yangu lazima amemushinda muke wangu, wamevuka. Ananijua."

"Alikujua vibaya, Mama. Hukunishinda."

"Ile si kosa yake."

*

Mashua ya Cibalonza ingeondoka alfajiri ya kesho yake, na nafasi ilikuwepo, juu ya chumvi, kwa wawili. Mambo yangekuwa mepesi kama Cibalonza hangekumbuka kitu kingine wakati wanakubaliana.

"Lakini angalieni," alisema. "Ule mutu alisema kama hamufike, wiki hii yeye mwenyewe atavuka kuja Kigoma. Pengine ameshapanda. Siwezi kujua."

Walirudi stesheni na neno hilo. Esha alizunguka benchi. Wakienda Kalemie, na Asmani akija Kigoma, watapishana majini. Atafika hapa akute hakuna mtu, na atavuka tena, na wao watakuwa wanavuka kurudi. Aliwaona wakipishana hivyo mwaka mzima, kila mmoja akimkimbilia mwenzake. Wakikaa, na yeye asije, Jumamosi ni Tabora.

"Nitume neno na Cibalonza," alisema. "Nimwambie akae hapo hapo."

"Neno," Mama alisema, akamwangalia Roger, aliyekuwa amelala ameegemea gunia la mtu. "Tuliona maneno vile inasafiri."

Esha akazunguka tena.

"Weye Chakutembea, simama," Mama alisema. "Nenda weye. Miye ninakaa."

Esha alifikiri hakusikia vizuri. Tangu walipofika, kila siku ya Mungu, mama huyu alikuwa ameiomba Albertville kama mtoto anavyoomba maji. Kule ndiko lilikokuwa kaburi la mama yake. Kule ndiko yaliko mabanda ya mashine ambako alikuwa akimpelekea mumewe chakula, na ngazi ambako alikuwa akikaa kumngoja, na saa ya ukutani ambayo aliwahi kumweleza Esha hata ufa wake.

"Mama, ndiyo gare yako. Sasa tumeipata."

"Ninaijua. Haina lazima nionyeshwe." Alikuwa ananyoosha kitenge magotini, polepole, akikipatia kila mkunjo. "Sikiliza. Weye haujui kukaa. Miye sijui kutembea. Kila mutu afanye ile anajua. Ukimukuta kule, mutakuja wote wawili kunichukua hapa. Akija hapa, atanikuta, nitamufunga na kamba mpaka urudi. Gare bila mutu wa kungoja ni banda tu."

"Na Jumamosi?"

Kassimu alikuwa amesimama karibu, akijifanya anasoma nyakati za treni alizozijua kwa moyo. Mama akamwinulia kidevu.

"Weye wa kofia. Jumamosi ni weye utaniinua?"

Kassimu alimpima kwa macho, toka kitenge mpaka benchi. "Mimi sikukuona, Mama."

"Utanionaje, na hapa si gare?"

"Stesheni, Mama."

"Njo vile, si gare."

*

Waliondoka jua likichomoza nyuma yao, juu ya matao meupe. Esha alisimama kwenye mashua mpaka stesheni ikawa mstari, na mstari ukawa doa, na baada ya hapo akaendelea kusimama, kwa sababu sasa alikuwa anatazama mbele.

"Kaa chini, mama," Cibalonza alisema. "Unaitikisa mashua."

"Nitakaa."

"Ulisema tangu Kigoma."

Esha alihamia upande mwingine. Alihesabu mambo ambayo angemwambia Asmani. Angemwambia kwanza kwamba yuko hai, kisha angemgombeza. Kwa nini kumpa Roger neno kama lile? Kwa nini asiseme banda? Angeweza kusema sokoni, na Roger angelibeba neno sokoni mpaka mwisho wa dunia bila kulimwaga. Kisha aliwaza kwamba Asmani hakuwa amelitafuta neno. Lilimtoka kama lilivyokuwa likimtoka kila siku, na yeye mwenyewe Esha, kwenye kona ile ya soko, mbele ya ubao ulioanguka, hakuwa amelikumbuka. Alihamia upande wa kwanza.

Jua lilipofika utosini, mwanamaji wa mbele akanyoosha mkono. Mashua nyingine ilikuwa inakuja, imezama kidogo kwa uzito, mapipa yamepangwa katikati. Mawese ya Kongo, yanakwenda Kigoma. Mashua zikikutana katikati ya ziwa hupunguza mashine ili wenyewe waulizane habari za upepo na za askari wa forodha, na hizi mbili zilifanya hivyo, lakini mbali kidogo, kwa sababu maji yalikuwa yameanza kuinuka. Manahodha walipiga kelele za habari zao. Kwenye mashua ile kulikuwa na abiria, vichwa vingi, vimefunikwa kukinga jua. Esha hakuweza kumtofautisha mtu na pipa.

Alipanda juu ya gunia. Cibalonza akamshika kitenge kwa nyuma.

"Kuna mtu wa Rumonge?" Esha aliita.

Upepo ulichukua nusu. Kule ng'ambo mtu mmoja aliweka mkono sikioni. Mashine zilikuwa zinaanza kupanda sauti tena. Nafasi kati ya mashua na mashua ilikuwa inapanuka. Hakukuwa na muda wa maneno mengi. Ilimpasa kuchagua machache, na ayachague yasiyoweza kupotea, na safari hii alijua kwamba hata moja dogo halina ruhusa ya kuanguka majini.

"Mama Mwanahamisi yuko stesheni," aliita kwa nguvu zake zote. "Stesheni ya Kigoma. Amekaa kwenye benchi. Anangoja."

Ile mashua ya mawese iliwapa mgongo. Esha alisubiri juu ya gunia. Kisha kati ya mapipa mtu akasimama, mrefu, mikono miwili mdomoni, na juu ya maji, ikiwa imekonda kwa umbali na imevunjwavunjwa na mashine, ikaja sauti ya mwanaume.

"Benchi gani?"

Kisha mashine zikaimeza.

Cibalonza alitazama mashua inayokwenda Kigoma, akamtazama Esha, kisha akayatazama magunia yake. "Miye siwezi kugeuza chumvi," alisema, kama anayeomba radhi. "Nitakurudisha keshokutwa. Ule pale, njo bwana yako?"

"Bwana gani?" Esha alisema.

Akashuka kutoka juu ya gunia, akalitengeneza kwa mkono, akakaa, na hakusimama tena mpaka Kalemie.